Tuta la Mawe Nyuma ya Nyumba ya Mama

Nilirudishwa kwa mama, kijijini Mugango, nikiwa na miaka arobaini na moja, nimelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, miguu imekunjwa kama ya mtoto aliyesinzia. Mke wangu alikaa mbele amepakata mfuko wa dawa. Kiti changu cha magurudumu kilikuwa kimefungwa kamba nyuma ya gari, na kila tulipopita kwenye shimo kilikuwa kinagonga bodi, na dereva anageuka kuniangalia kana kwamba ni mimi ninayegonga.

Miezi minane kabla ya hapo nilikuwa fundi ujenzi. Ubao wa jukwaa ulivunjika nikiwa naweka mstari wa mwisho wa matofali kwenye nyumba ya mtu pale Bunda. Sikuanguka kutoka juu sana. Nawajua mafundi walioanguka kutoka juu zaidi yangu wakainuka wakajipangusa suruali. Mimi niliangukia mgongo juu ya rundo la mawe, na tangu siku ile, kuanzia kitovuni kwenda chini, sina habari na mwili wangu.

Bunda tulikuwa tumepanga chumba chenye ngazi tatu mlangoni. Ngazi zenyewe nilizijenga mimi, mwenye nyumba aliponiomba. Mke wangu anapika chakula cha kuuza karibu na stendi. Anatoka alfajiri, anarudi jioni, na katikati hapo nilikuwa nalala ubavu mmoja mpaka nikapata kidonda. Ndipo ikaonekana niende kwa mama. Walikubaliana wao, nami nikiwa nimelala palepale nasikia.

Mama alikuwa amepita sabini. Magoti yake yalikwisha zamani, kazi ya kulima mihogo na kubeba ndoo kutoka ziwani miaka hamsini. Alikuwa anatembea kwa fimbo, hatua ndogondogo, na kuinama alikuwa ameshaacha kabisa. Akidondosha kijiko, kinakaa pale chini mpaka apite mtu. Siku tuliyofika alisimama mlangoni akatuangalia tukishuka, yaani akaangalia wenzangu wakinishusha, kisha akasema, "Karibu, baba. Nyumba ni ileile." Ndivyo alivyokuwa ananiita tangu utotoni, baba, kwa sababu nimechukua jina la baba yake.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani yake ya mboga. Nilipokuwa mdogo hatukuwahi kununua mboga. Mchicha, mnavu, mgagani, kunde, vyote vilitoka pale. Sasa palikuwa na majani ya kunifika kifuani nikiwa kwenye kiti. Mboga tulikuwa tunaletewa na mama mdogo, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa anakuja na fungu kwenye kanga, anaweka jikoni bila maneno. Mama alikuwa anashukuru, lakini mwenzake akishaondoka, chakula cha siku hiyo anakila kidogo.

Siku moja akaniambia, "Mimi kuinama siwezi. Wewe kusimama huwezi. Lakini mikono si tunayo?"

Nikamwambia mikono tunayo.

"Basi hiyo ardhi si iinuliwe. Wewe si fundi?"

Hakuwa ameona popote jambo hilo, wala mimi. Lakini nilipolifikiria nikaona ni kazi ya kawaida kabisa: kuta nne fupi za mawe, udongo unajazwa ndani, mtu analima akiwa amekaa au amesimama wima. Kwetu mawe hayanunuliwi, yako kila mahali. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke nikalala nikiwa nafikiria vipimo. Nilitaka upande wangu uwe wa kimo cha magoti yangu nikiwa kwenye kiti, na upande wa mama uwe wa kimo cha kiuno chake, kwa hiyo nikaamua tuta liwe na mteremko mdogo, upande mmoja uzidi mwingine. Nikamwomba mama asimame nimpime kwa kamba. Alisimama ameshika ukuta, anacheka kwamba napima gauni.

Mawe yaliletwa kwa mkokoteni na baba mdogo, mume wa mama mdogo, mzee aliyekuwa mvuvi mpaka mgongo ukamkataza. Yeye ndiye aliyejenga. Hakuwahi kujenga ukuta maishani mwake, ila alikuwa na moyo, na mimi nilikuwa na mdomo tu. Nilikaa kwenye kiti chini ya kivuli cha paa nikimwelekeza: hilo geuza, hilo kubwa liweke pembeni, vuta kamba. Kwa nusu saa ya kwanza alinisikiliza. Baadaye akaanza kujibu, "Naona, naona," huku anaendelea kwa namna yake. Nikauona mstari wa pili umeanza kwenda kombo. Nikasema. Akasema, "Hapo pamekaa vizuri." Mstari wa tatu ukafuata ukombo wa pili.

Sijui kama nitaweza kueleza. Miaka ishirini nimejenga kuta, na ukuta uliopinda ulikuwa unaniuma machoni kama moshi. Kabla ya kuanguka ningeinuka, ningesema, "Leta hapa, mzee," na kwa dakika tano kila kitu kingenyooka. Sasa mwiko wangu mwenyewe ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine, anapiga udongo kama anapaka siagi kwenye mkate, na mtu huyo ananisaidia bure, jasho linamtiririka, mgongo unamuuma. Ningesema nini? Mama alikuwa mlangoni ananitazama mimi, hatazami ukuta.

"Umesimama?" akaniuliza mzee jioni, akimaanisha ukuta.

"Umesimama, baba mdogo. Asante sana."

Lakini kosa kubwa halikuwa lake, lilikuwa langu. Tulipojaza udongo na samadi, nikasogezwa karibu nianze kupanda, nikakuta mkono wangu haufiki katikati. Upana ule nilikuwa nimeupima kwa akili ya mtu anayesimama, anayeinama kutoka kiunoni akaegemea mbele. Mimi wa sasa nikiegemea mbele tumbo halinishiki, naanguka kifudifudi kama gunia. Upande wa pili mama naye hafiki. Kwa hiyo tuta letu likawa na sehemu tatu: kwangu, kwa mama, na ukanda wa katikati ambao si wa mtu. Pale magugu yalistawi kuliko mboga. Mama alijaribu kuyafikia kwa fimbo, akawa anayakwangua kama anakuna mgongo wa ng'ombe.

"Tutamwambia mzee alibomoe alipunguze," nikasema.

"Usimwambie. Ameshachoka yule." Kisha akasema, "Hata shamba kubwa linakuwaga na kipande kibaya."

Halafu maji. Ukikaa pale nyuma ya nyumba unaliona ziwa lote, maji mpaka macho yanachoka, na sisi tulikuwa hatuna ndoo moja ya kumwagilia. Mama hawezi kubeba, mimi ndiyo usiseme. Mama mdogo alikuwa anatuletea ndoo mbili kila asubuhi, za kunywa, kupika na kuoga. Kumwomba ya tatu kwa ajili ya mchicha hatukuthubutu. Kwa hiyo maji aliyoniogeshea mama hayakumwagwa. Alikuwa ananiosha asubuhi kwa sabuni kidogo sana, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, beseni chini yangu, na yale maji akishayaacha yapoe anayachota kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, anatembea nayo mpaka kwenye tuta. Safari kumi na tano, ishirini, na fimbo mkono wa pili. Nilikuwa namsikiliza anavyokwenda na kurudi. Nikamwambia aache, mboga zife tu.

"Kwani umekojoa humo?"

"Sina uhakika, mama."

Akafikiri kidogo. "Mboga hazijui," akasema, akaendelea. Wageni hatukuwaambia.

Mboga ziliota. Hilo nataka lieleweke, kwamba ziliota kweli. Upande wangu mchicha, upande wa mama mgagani na kunde. Siku ya kwanza kuchuma, mama alisimama wima kwenye tuta lake, mgongo umenyooka, anachuma majani na kuyaweka kwenye ungo ulio mbele yake, hakuna kuinama, hakuna kushika goti. Alipika kwa dagaa. Bakuli ya kwanza akaifunika sahani, akamwita mama mdogo aje aichukue. Mama mdogo aliichungulia akasema, "Dada, hizi ni zako?" Mama akajibu kwamba ni za wenye nyumba. Siku hiyo alikula sana.

Tulikula kutoka kwenye tuta lile wiki sita hivi.

Siku ya mbuzi kulikuwa na msiba upande wa pili wa kijiji. Watu wote walikwenda kuzika, baba mdogo na mama mdogo pamoja. Waliniweka nyuma ya nyumba kivulini kabla ya kuondoka, wakasema hawatakawia. Mama alikuwa ndani amejilaza. Ua wetu ulikuwa wa miti na miiba, na mlango wake unafungwa kwa kitanzi cha kamba kinachovishwa kwenye nguzo. Aliyetoka mwisho hakuvisha kitanzi. Au alivisha kikachomoka. Mimi nilikuwa nauona pale nilipo, uko wazi kiasi cha mkono kupita, nikajiambia hakuna neno.

Mbuzi wa kwanza aliingiza kichwa, akaangalia, akaingia. Wenzake wanne wakamfuata. Hawakuhangaika kutafuta. Tuta lilikuwa limeinuliwa sawasawa na midomo yao, wakaanza kula upande wa mama.

Nikapiga kelele. Mmoja akaniangalia huku anatafuna. Nikasukuma magurudumu, kiti kikaenda hatua mbili, gurudumu dogo la mbele likazama kwenye mchanga, kikagoma. Nikatupa kikombe changu. Nikatupa kandambili, zote mbili. Nikatupa chupa ya maji, ikampiga mbuzi ubavuni, akaruka, na alipotua alikuwa juu ya tuta kabisa, katikati, kwenye ule ukanda ambao sisi hatukuwahi kuufikia. Akasimama pale anakula kushoto na kulia.

Mama akatoka. Alikuja na fimbo ameiinua juu, anawatukana kwa lugha ya nyumbani, maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyasema, na fimbo ikiwa juu mguu haukuwa na cha kuegemea. Nilimwona anakwenda. Alianguka polepole, ubavu, mkono umetangulia, akalala kati yangu na mbuzi. Nilisikia mfupa.

"Mama."

Nikaita tena.

"Mama!"

"Nipo," akasema. "Usije."

Angeniambia usije hata kama ningeweza. Nikafungua mkanda ulionifunga kwenye kiti, nikajitupa chini. Niliangukia bega. Nikajivuta kwa viwiko, miguu inanifuata nyuma kama ya mtu mwingine, na kutoka pale nilipokuwa mpaka kwa mama ni hatua ambazo zamani sikuwa nazihesabu, labda nane. Sijui nilitumia muda gani. Nilipofika nilikuta kifundo cha mkono wake wa kulia kimegeuka vibaya, na jua lilikuwa limempata usoni. Nikajaribu kumwinua mabega nimwegemeze kwangu. Kumwinua mtu kunataka miguu. Hilo sikulijua mpaka siku ile. Nilivuta mara tatu, kila mara analia kidogo na kunyamaza, nikaacha. Nikavua shati langu nikamfunika uso, na mwili wangu nikauweka upande wa jua umtilie kivuli.

Nyuma yetu mbuzi waliendelea. Tulikuwa tunasikia mashina yanakatika.

Tuliita. Tuliita kwa zamu mpaka sauti zikakauka. Upepo ulikuwa unatoka kule kwenye msiba kuja kwetu, na tulisikia waombolezaji wanaimba, maneno kabisa tunayasikia, lakini wao walikuwa wengi na sisi wawili. Simu yangu ilikuwa imebaki kwenye mfuko wa kiti. Kiti chenyewe nilikuwa nakiona.

"Wamemaliza?" mama akauliza baada ya muda, chini ya shati.

"Bado kunde."

"Kunde zinachipuaga."

Nikaanza kulia. Sikuwa nimelia nilipoanguka, wala hospitali walipoleta majibu. Mama akatoa mkono wake mzima chini ya shati, akautafuta uso wangu, akanigusa sikio badala ya shavu.

"Unalilia mboga?"

"Hapana."

"Basi acha. Ukilia na mimi nitalia, na mimi nikilia mkono unauma."

Tukakaa. Nilimsimulia habari za nyumba nilizojenga, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumsimulia. Hakuwahi kuziona. Akauliza ile ya ghorofa ilikuwa na madirisha mangapi. Nikahesabu kichwani nikamwambia. Alikuwa anatetemeka ingawa jua lilikuwa kali.

Walirudi jua limeshapinda. Mama mdogo ndiye aliyefika kwanza, akasimama pale mlangoni pa ua, mkono mdomoni. Nadhani alidhani tumekufa wote wawili, jinsi tulivyolala.

Mama alipelekwa Musoma, mkono ukafungwa plasta. Mimi nilirudishwa kwenye kiti nikiwa na michubuko kwenye miguu ambayo sikuisikia, na mchubuko mmoja ukageuka kidonda kikubwa. Wiki hiyohiyo dada yangu alikuja kutoka Butiama na mumewe, mke wangu akaja kutoka Bunda, wakakaa sebuleni na baba mdogo na mama mdogo. Mama alikuwa chumbani, mimi nilikuwa nje kwa sababu mlango wa sebule ni mwembamba na hakuna aliyekumbuka kuniinua. Nilisikiliza kupitia dirishani. Hakuna aliyesema neno baya. Dada alisema, "Hawa wawili tukiwaacha pamoja, siku nyingine tutakuta maiti." Walisema kweli. Mama angekwenda Butiama kwa dada, mimi ningerudi Bunda. Mwenye nyumba alikuwa amekubali ngazi ziondolewe, pawekwe mteremko. Baba mdogo alisema tu, "Na tuta?" Baadaye dada alitoka akaniambia kwamba wameamua, nikamwambia nimesikia.

Mama hakubisha. Siku ya kuondoka alisema apitishwe nyuma ya nyumba kwanza. Kunde zilikuwa zimechipua kweli, majani mawili matatu. Akazitazama, akamwambia mama mdogo, "Hizi uzichume mapema, zisikomae."

Mke wangu amenipeleka Butiama mara mbili tangu hapo, kwa gari la kukodi. Mara ya pili ilikuwa mwezi uliopita. Dada ana nyumba nzuri, ya simenti mpaka uani, na mama anakaa kibarazani kwenye kiti chenye mto, kanga safi, nywele zimesukwa. Mkono ulipona lakini vidole havifungi vizuri. Akitaka kuinuka tu, mtu anatokea. "Kaa, mama, upumzike." Akishika ungo achambue mchele, unachukuliwa kwa upole. Dada anampenda, hilo halina ubishi. Anamwogopea.

Tulikaa wawili kibarazani wenzetu wakiwa jikoni. Mama aliangalia kwanza nyuma, halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie shemeji yako anijengee kadogo. Hapo karibu na tanki. Kasiwe kapana."

Nikamwambia shemeji tulipokuwa tunakula. Nilimweleza kimo, nikamweleza upana, nikaonyesha kwa mikono. Yeye ni mtu mwema, ana kazi nyingi. Alitikisa kichwa, akasema, "Tutaona, shemeji, tukishamaliza choo cha wageni." Dada akasema, "Mama, si unapata mboga kila siku? Umekosa nini?" Mama akasema hajakosa kitu. Akaendelea kula.

Ningeweza kulijenga kwa asubuhi moja, kale katuta. Nilikuwa naliangalia lile eneo kando ya tanki wakati wengine wanaongea, naona hata jiwe la kwanza lingekaa wapi. Mawe yenyewe yalikuwepo, yamebaki kwenye ujenzi wa choo. Nilikaa nayatazama mpaka dereva akapiga honi.

Walinibeba kuniingiza kwenye gari, mke wangu miguu, shemeji mabega. Mama alisogea mpaka dirishani, dada amemshika kiwiko.

"Utakuja lini tena, baba?"

"Nikiletwa, mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa siku.